Mafuta ya nazi yakiganda Mikindani

Kwa bibi yangu mzaa mama, Mikindani, kalenda ilikuwa chupa. Chupa ya soda ya kioo, imezibwa kwa kipande cha gunzi, ndani yake mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Miezi mingi ya mwaka mafuta yalikuwa maji kabisa, ukiitikisa chupa yanacheza. Halafu asubuhi moja ya mwezi wa sita au wa saba tunaamka, tunaikuta imekuwa nyeupe kama mshumaa. Bibi anaipindua juu chini, halitoki tone, anaguna: "Haya, kusi imeingia. Toeni mablanketi." Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na pwani yetu joto halifiki huko ila kwenye alfajiri za kusi, msimu wa upepo wa kusini. Hayo ya nyuzi niliyajua ukubwani. Wakati ule nilijua tu kwamba ili nipake mafuta niende shule, chupa iegeshwe kwanza kando ya jiko la chai.

Na kupaka ilikuwa lazima. Kwetu mtoto aliyepauka ni aibu ya nyumba nzima. Magoti meupe, visigino vya majivu, watu hawasemi mtoto huyu ana ngozi kavu. Wanauliza, kwani huyu hana mama? Kwa hiyo tulipakwa tukang'aa kama samaki wa kukaanga, tukafika shule vumbi lote la njiani limetuganda usoni.

Ila bibi mwenyewe alikuwa na namna yake ya kupaka. Kabla ya kulala alitia udhu, hata kama isha ameshaiswali zamani. Alikaa kwenye kigoda uani, birika la plastiki mkononi, akanawa uso taratibu, na akimaliza hakujifuta. Kanga ipo begani, haigusi. Uso bado unachuruzika, alidondosha matone matatu manne kiganjani, akasugua viganja, kisha akaugandamiza uso wake kama anayeficha kicheko. Hakusugua. Aligandamiza: mashavu, paji, shingo, basi.

Mimi nilikuwa mtoto wa haraka. Nilijipaka miguu ikiwa imekauka, mafuta yanateleza juu hayaingii kokote. Siku moja akanitazama, akasema: "Mke mwenzangu, unapaka ukuni? Kajimwagie maji kwanza."

Nimeandika sentensi hiyo hapa kwa sababu miaka mingi baadaye niliinunua tena kwa shilingi 45,000.

Ilikuwa hivi. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika hapa Mtwara, mwaka wangu unahesabiwa kwa ufuta na korosho, na msimu ukiisha jioni zinakuwa ndefu na simu inakuwa na bando. Nikaanza kuangalia video za dada mmoja mwenye uso kama kioo. Ana hatua nane: kuosha, kuosha tena, maji ya waridi, seramu, seramu nyingine, na mwisho anachukua kichupa cheusi chenye kitone na kudondosha mafuta ya mbegu za waridi mwitu. Nikakitaka kile kichupa. Nikaagiza Dar es Salaam, kikapanda basi, nikaenda kukichukua stendi kimefungwa kwenye gazeti na mfuko wa rambo. Kidogo! Mililita 30. Konda alinipa kama ananipa dawa ya macho.

Kwenye karatasi ya maelekezo kulikuwa na mstari mmoja wa maana: paka uso ukiwa na unyevu. Nilicheka peke yangu.

Hapo nilikuwa sijakosea bado. Kosa langu lilikuwa la ubahili. Nilikiona kichupa kitaisha upesi, nikakiongezea mafuta ya nazi ya nyumbani, nusu kwa nusu, nikakiweka dirishani ambako jua la saa tisa linapiga moja kwa moja. Tena ilikuwa mwezi wa kwanza. Anayeijua Mtwara ya msimu wa kaskazi anajua ninachosema: shuka linalowa bila mvua, chumvi inageuka uji kwenye kopo, na uso wako una mafuta yake mwenyewe ya kutosha kukaangia kisamvu. Juu ya uso huo nikawa natandaza mchanganyiko wangu kila usiku.

Wiki ya tatu paji la uso likaota vipele. Havikuwa chunusi za kawaida zile zenye kichwa, moja huku kubwa, nyingine kule ndogo. Hivi vilikuwa vidogo, vyote ukubwa mmoja, vimejipanga kama mtama uliomwagwa, na vinawasha, hasa nikitoka jasho. Vikashuka kifuani. Nikafanya kila mtu anachofanya: nikaongeza mafuta, maana nilisoma kwamba mwanzoni ngozi "inatoa uchafu". Wale wa kwenye video wana jibu kwa kila kitu.

Dokta wa ngozi alinitazama kama dakika moja. Akauliza, "Unapaka mafuta gani?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Na jasho?" Nikasema dokta, si tunaishi wote hapa hapa? Akacheka. Akanieleza kwamba kuna fangasi wa jamii ya hamira, jina lake Malassezia, ambaye anaishi kwenye ngozi ya karibu kila binadamu bila ugomvi. Chakula chake ni mafuta. Anapenda asidi za mafuta zenye mnyororo wa kaboni 11 hadi 24, na mafuta ya nazi karibu nusu yake ni asidi lauriki, ambayo ina kaboni 12. Yaani nilikuwa nampikia, namwandalia na kumfunika kwa joto asipate baridi. Nikaandikiwa shampuu yenye ketokonazo, dawa ya fangasi, niipake kwenye vipele, niiache dakika chache, nisuuze. Na mafuta yote niache. Vipele vikaanza kupungua, vikaisha.

Nikabaki na swali. Bibi alipaka mafuta yale yale maisha yake yote, mji ule ule, kaskazi ile ile. Mbona uso wake ulikuwa laini mpaka anakufa?

Sehemu ya jibu ni ngozi yenyewe. Ya bibi ilikuwa ya mtu mzima, na ngozi ikizeeka inapunguza mafuta yake. Yangu bado inatoa. Sehemu nyingine ni kipimo: yeye matone matatu, mimi mteremko. Lakini kubwa zaidi ni kitu nilichokuwa sijakielewa kuhusu kazi ya mafuta.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, bapa, zimepangwa moja juu ya nyingine kama makuti kwenye paa. Katikati yake kuna mafuta ya asili yanayoshikilia, mchanganyiko wa seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Paa likiwa zima, maji ya mwilini hayatoroki. Likichakaa, kwa sabuni kali, kwa upepo, kwa umri, maji yanapanda yanapotea hewani, na hapo ndipo unapauka. Ukipaka mafuta huongezi maji. Mafuta hayana hata tone la maji ndani yake. Unachofanya ni kuziba matundu ya paa ili maji yaliyopo yasitoke, na kulainisha kingo za makuti zilizosimama. Kama chini hakuna maji, umefunika sufuria tupu. Ndiyo maana ya "unapaka ukuni".

Halafu kuna hili la mafuta kutofanana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha kazi moja ambayo mimi hupenda kuwasimulia wanaouza mafuta ya zaituni kama dawa ya kila kitu. Walichukua watu 19. Kundi moja lilipaka matone sita ya mafuta ya zaituni kwenye mkono, mara mbili kwa siku, kwa wiki tano. Kundi lingine lilipaka zaituni mkono mmoja na alizeti mkono wa pili kwa wiki nne. Mkono wa zaituni tabaka la ngozi lililegea na kukawa na wekundu kidogo. Mkono wa alizeti ulibaki mzima, na unyevu ukaongezeka. Tofauti iko kwenye asidi: zaituni imejaa oleiki, ambayo inapenya katikati ya makuti na kuyalegeza, alizeti ya kawaida ina linoleiki nyingi, ambayo ngozi yenyewe inaitumia kutengenezea paa lake. Alizeti! Ile ya kukaangia mihogo. Hakuna anayeiwekea kichupa cheusi.

Nisieleweke vibaya. Zaituni ina heshima yake kwenye dini na kwenye chakula, na wapo waliopaka maisha yote wasidhurike. Nasema tu, kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, mimi singethubutu.

Upande wa pili wa ukoo wangu uko Newala, na huko mafuta yalikuwa na kazi nyingine. Bibi mzaa baba alikuwa Mmakonde wa zamani, mwenye chale usoni: mistari iliyovunjika kona kona mashavuni na kwenye paji, ya bluu iliyoiva. Chale za Kimakonde zilichanjwa, kisha zikasuguliwa masizi ya nyonyo ndani ya kidonda mpaka rangi ikakaa. Alipojipaka mafuta ya nyonyo jioni, karibu na moto, ile mistari iliinuka kama imechorwa upya, na sisi watoto wa pwani tulimtazama tukasahau kula.

Newala iko juu ya uwanda, kusi inavuma baridi kavu, ukungu asubuhi, midomo inapasuka. Na maji ni shida. Zamani yalipandishwa kichwani kutoka mabondeni, ndoo moja asubuhi nzima. Maji ya namna hiyo hayanawiwi uso mara tano. Basi bibi huyu alitia nyonyo kwenye viganja, akasugua uso mzima, vumbi la shamba na moshi vikalainika, kisha akafuta kwa kitambaa kilicholowekwa kidogo kwenye maji ya moto na kukamuliwa. Mwisho, uso ukiwa umebaki na unyevunyevu, akapaka tone jingine dogo juu yake. Siku hizi wanaita kusafisha uso kwa mafuta na wanauza bidhaa mbili kwa ajili hiyo. Inafanya kazi kwa sababu mafuta yanayeyusha mafuta: sebamu, yaani mafuta ya ngozi yenyewe, vipodozi, na sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, isiyotoka kwa maji. Nyonyo ni zito na linanata, karibu yote ni asidi moja inayoitwa risinoleiki, kwa hiyo mimi huwa nalichanganya na jepesi zaidi. Na lazima ufute kweli kweli. Ukiliacha usiku kucha usoni utaamka mto umekuganda.

Kwa hiyo nilikuwa na bibi wawili, mmoja wa maji mengi na mmoja wa maji machache, na hakuna aliyepaka ukuni.

Nilirudi kwenye mafuta kusi iliyofuata, mwezi wa sita, msimu wa ufuta. Wakati huo ofisini kwetu ni magunia, mizani na stakabadhi, ufuta unaingia ghalani kusubiri mnada, na sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa mbegu hivyo hivyo. Nilikuwa naandika kilo za watu kuanzia asubuhi, punje zimeniingia mpaka kwenye sidiria, na sikuwahi kujiuliza ndani yake kuna nini. Ndani yake kuna oleiki na linoleiki karibu sawa kwa sawa, kila moja kama asilimia 40, pamoja na sesamini na ndugu zake wanaoyalinda mafuta yasioze haraka. Yasioze haraka! Mimi niliyeua kichupa cha 45,000 dirishani, kilichokuja kunuka kama kikaangio cha juzi, nilisikia hilo kama habari njema. Mafuta yakishanuka hivyo yameungana na hewa na yanaweza kuwasha ngozi. Usipake kwa huruma ya pesa. Yapeleke kwenye bawaba za mlango.

Kuna kijana ana mashine ndogo ya kukamulia. Nikamfuata na kilo mbili.

"Ya kupika au ya kupaka, dada?"

"Kwani yana tofauti?"

"Ya kupika nakaanga mbegu kwanza, yananukia. Ya kupaka nakamua mbichi. Ila yanatoka machache, usije ukasema nimekuibia."

Yalitoka machache kweli, ya rangi ya asali changa, na mashudu akabaki nayo kwa ajili ya kuku wake. Niliyachuja kwa kitambaa cheupe mara mbili, nikayaacha usiku yatulie, nikamimina ya juu kwenye chupa ya dawa ya kahawia, nikaiweka kabatini mbali na mwanga. Kabla ya usoni nilipaka ndani ya kiwiko siku mbili, maana wapo wanaodhurika na ufuta, na mdhurika wa ufuta hadhuriki kidogo.

Ninavyofanya sasa, kwa wanaouliza: kusi ikiwepo, usiku tu. Nanawa, sijifuti, nikiwa na krimu nyepesi naipaka kwanza, kisha matone mawili ya ufuta kwenye viganja na kugandamiza mashavuni, pembeni ya macho na shingoni. Paji la uso silipaki. Yule fangasi hajahama, na ufuta nao kwake ni chakula. Asidi zake zina kaboni 18. Ukavu ukizidi kwenye paji, au midomo ikipasuka, natumia mafuta ya mgando, ambayo fangasi hapati chakula ndani yake, na kwa kuzuia maji yasitoroke hakuna mafuta ya mmea yanayoyafikia. Kopo la bei rahisi kuliko vyote dukani. Asubuhi sipaki mafuta kabisa, ni sanskrini. Hapa bibi wote wawili walikosea, waliamini mafuta yanakinga jua. Hayakingi. Tena ukipaka juu ya sanskrini unaiharibu. Moshi, pale hospitali ya KCMC, wanatengeneza sanskrini iitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa kuwa jua kwao ni suala la kufa na kupona. Sisi wengine tunaungua polepole tukidhani hatuungui.

Kaskazi ikirudi, chupa inalala kabatini.

Niseme na hili, nimekasirika nalo muda mrefu. Mtu akikuuzia "mafuta ya karoti" au "mafuta ya asili" yanayokung'arisha ndani ya wiki moja, hiyo siyo karoti. Karoti haina nguvu hiyo. Niliwahi kununua moja dukani hapa mjini, chupa haina orodha ya viambato, ina picha tu ya msichana na mboga. Siku ya nne mashavu yakaanza kuchonyota na kuwa mekundu, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Ulikuwa mkorogo. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini na zinaendelea kuja kwa majina ya bustani. Nikarudi nayo dukani, muuzaji akaniambia, "Shosti, si ndiyo inafanya kazi hiyo." Sikuwa na jibu, nikaiacha juu ya kaunta.

Na la korosho, kwa kuwa kila mwaka lazima aulize mtu. Mafuta ya kiini cha korosho ni jambo moja, yanalika. Mafuta ya ganda ni jambo jingine kabisa, yana asidi anakadiki na kadoli, yanachoma ngozi kama moto. Shangazi yangu alibangua korosho miaka mingi. Kabla ya kukaa kwenye jamvi alipaka mikono mafuta ya kula na kuinyunyizia majivu, na bado ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, ngozi imebanduka na kuota tena mara nyingi mpaka alama za vidole zimefutika. Usiguse uso umetoka kubangua, hata kama umenawa.

Ukiandika "mafuta Mtwara" kwenye simu, usitegemee kuona lolote kati ya haya. Utapata visima, mabomba, na gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982, ghuba yenye jina la mnazi ambayo haikumbukwi kwa nazi. Ukiendelea kushuka utapata Waingereza, waliokuja mwishoni mwa miaka ya 1940 kulima karanga Nachingwea ili wapate mafuta ya kula kwao baada ya vita, wakaanza kujenga reli na bandari ya Mtwara, na kufikia mwaka 1951 wakakunja virago. Karanga zilikataa. Bandari ikabaki, na siku hizi inapakia korosho.

Mama alikuja kunitembelea mwezi wa pili mwaka huu. Joto la kufa mtu, umeme umekatika, tumekaa barazani tunajipepea kwa vipande vya boksi. Akanishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga.

"Uso mzuri. Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu, mama. Kaskazi hii."

Akanyamaza. Macho yakashuka mpaka miguuni, yakatua kwenye visigino vyangu, yakakaa hapo. Akafungua mkoba, akatoa kichupa cha nazi.

"Lete ndoo ya maji," akasema, "na ulete miguu hiyo hapa kabla wageni hawajaja."